Kabambare: Mawe chini ya reli yana neno juu ya bei ya chumvi sokoni

Uchambuzi

Wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, haina hata kilomita moja ya reli. Anayetoka Kabambare na kutaka kuona treni hana budi kwenda mbali: magharibi hadi Samba, ng'ambo ya mto Lualaba baada ya kupita Kasongo, au kusini hadi Kongolo, katika jimbo la Tanganyika. Hata hivyo chumvi, sabuni, simenti, mabati na dawa zinazouzwa katika masoko yake hutegemea kwa sehemu kubwa hali ya njia hiyo ya chuma.

Na hali ya njia hiyo hutegemea kitu ambacho hakionekani kwenye picha za sherehe wakati injini mpya zinapokabidhiwa: mawe. Haya ni mawe yaliyovunjwa na kulazwa chini ya reli, ambayo mafundi huyaita balasti. Yakipungua au yakizama ndani ya udongo, treni hupunguza mwendo, mabehewa huanguka, mizigo hukaa siku nyingi njiani, na gharama zote hizo hushuka hadi kwa mama anayenunua kikombe cha chumvi Wamaza au Salamabila.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo huo, njia za biashara zilizokuwa zinaunganisha Maniema na miji ya Kivu zilivurugika. Uwanja wa ndege wa Goma, uliokuwa mlango mmoja wa bidhaa za Kindu, ulifungwa. Wafanyabiashara wengi waligeuza macho kusini: Kalemie, Kongolo, Lubumbashi. Njia ya kusini ni njia ya reli.

Njia tatu, zote na shida zake

Bidhaa zinaweza kuingia Kabambare kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni mashariki, kutoka Ziwa Tanganyika kupitia Fizi. Hii ndiyo fupi kwenye ramani, lakini inapita maeneo ambayo kwa miaka mingi yamekuwa na makundi yenye silaha. Ya pili ni kutoka Kasongo, mji ulio upande wa mashariki wa Lualaba, ambao nao hupokea mizigo kutoka stesheni ya Samba baada ya kuvuka mto. Ya tatu ni kutoka Kongolo kupanda kaskazini.

Njia mbili za mwisho zinaanza kwenye reli moja. Ni ile inayotoka Kindu, inapita Kibombo na Samba, inafika Kongolo, inavuka Lualaba kwenye daraja lililomalizika mwaka 1939, inashuka hadi Kabalo, halafu inagawanyika: tawi moja linaelekea Kalemie kwenye ziwa, jingine linaelekea Kamina na Lubumbashi.

Kutoka stesheni, mzigo hupakiwa kwenye lori kama barabara inaruhusu. Mvua ikinyesha, unahamia kwenye pikipiki, na pikipiki ikishindwa unahamia kwenye baiskeli ambayo mtu huisukuma kwa mguu siku nyingi. Kila mkono unaoshika mzigo unaongeza chake kwenye bei, na siku ambazo treni imechelewa Kongolo zinaongeza chake pia.

Balasti inafanya kazi gani?

Watu wengi hudhani reli ni vyuma viwili tu. Kwa kweli reli ni tabaka. Juu kabisa ni vyuma vyenyewe. Chini yake ni mataruma, yaani mbao, vyuma au zege vinavyolala kwa upana ili kushika vyuma viwili visiachane. Chini ya mataruma, na katikati yake, ndipo inalazwa balasti. Chini ya balasti ni tuta la udongo.

Injini ya treni yenye tani 90 na ekseli sita huweka tani 15 kwenye kila ekseli. Kila gurudumu basi hubeba tani saba na nusu, na sehemu inayogusana na chuma cha reli haizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Uzito huo ukifika moja kwa moja kwenye udongo wa Maniema, ambao mvua huulainisha miezi mingi ya mwaka, reli itazama. Kazi ya kwanza ya balasti ni kusambaza uzito huo: jiwe hulipa jiwe jirani, hadi mzigo ufike kwenye tuta ukiwa umegawanyika.

Kazi ya pili ni kushika mataruma yasisogee. Jua likiwaka, chuma hurefuka, usiku hujikunja. Treni ikifunga breki husukuma reli mbele. Ikipinda kona huisukuma pembeni. Mawe yenye kona kali yakishikana hukataa kusukumwa.

Kazi ya tatu ni kupitisha maji. Katikati ya mawe kuna nafasi wazi, na maji ya mvua hupita humo yakaenda kwenye mifereji. Kazi ya nne ni kuruhusu matengenezo: reli ikishuka upande mmoja, mafundi huinyanyua kwa jeki na kusukuma mawe chini ya taruma hadi ikae sawa tena. Reli iliyokaa juu ya udongo mtupu hairekebishwi hivyo. Unainyanyua leo, kesho imeshuka.

Kwa kawaida unene wa balasti chini ya taruma ni kati ya sentimita 25 na 30 kwenye njia iliyotunzwa vizuri. Ukubwa wa mawe nao huchaguliwa. Nchini Ufaransa, kwa mfano, hutumika mawe ya milimita 31.5 hadi 50, kiasi cha yai la kuku. Madogo kuliko hapo huziba nafasi za maji. Makubwa zaidi hayakai vizuri chini ya taruma.

Jiwe zito, jiwe jepesi

Hapa ndipo neno densiti linapoingia, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayochukua. Wakaaji wa Kabambare hawahitaji kufundishwa jambo hili darasani, kwa sababu wilaya yao inaishi kwa kasiteriti, koltani na dhahabu. Kila mchimbaji anajua kwamba mfuko mdogo wa kasiteriti unaweza kumshinda kijana anayebeba bila taabu mfuko mkubwa wa mihogo mikavu.

Maji yana kilo 1,000 katika mita moja ya ujazo. Jiwe la kwarzi lina karibu kilo 2,650, na graniti kati ya 2,600 na 2,700. Basalti, lile jiwe jeusi la volkano linalojulikana sana Goma, lina kati ya 2,800 na 3,000 likiwa gumu bila matundu. Kasiteriti safi inafika karibu 7,000, na dhahabu 19,300. Ndiyo maana ukitikisa karai kwenye maji ya mto, mchanga hutoka na dhahabu hubaki chini.

Kwa balasti, jiwe zito lina faida kwa sababu hukaa mahali pake. Mtetemo wa treni haulirushi wala maji ya mvua hayalichukui haraka. Lakini densiti peke yake haitoshi. Kokoto za mtoni, zile za mviringo zinazopatikana kando ya Lualaba na Luama, zinaweza kuwa za kwarzi na kuwa na densiti ileile ya jiwe lililovunjwa mlimani. Ukizilaza chini ya reli, hata hivyo, zinateleza zenyewe kwa zenyewe kama maharage kwenye sahani. Jiwe la reli linatakiwa kuwa zito, gumu na lenye kona.

Udongo mwekundu wenye vipande vya chuma, ule wa laterite unaotumika kwenye barabara nyingi za Maniema, nao haufai chini ya reli. Vipande vyake husagika chini ya uzito, vinageuka vumbi, vumbi likipata maji linageuka matope, na matope yanaziba njia za maji. Mafundi wa reli wanaijua vizuri dalili yake: treni inapopita, taruma linabonyea na kurusha matope juu kama pampu. Mahali hapo reli imeanza kufa.

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji maabara. Jiwe hupimwa likiwa kavu, kisha hufungwa kamba na kupimwa tena likining'inia ndani ya maji. Tofauti ya mizani mbili ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Uzito wa jiwe kavu ukigawanywa kwa tofauti hiyo hutoa densiti. Jiwe linaloonyesha 2.6 au zaidi linastahili kuendelea na kipimo cha pili, yaani ugumu wake chini ya nyundo. Linaloonyesha 2.0 lina matundu mengi ndani na litavunjika mapema.

Reli ya tangu 1911

Njia ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilijengwa na kampuni ya kikoloni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya kuunganisha sehemu za Lualaba ambazo meli hazipiti kwa sababu ya maporomoko. Treni zilianza kuitumia mwaka 1911. Kabla yake, mwaka 1906, kampuni hiyo ilikuwa imemaliza kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu. Mwaka 1915 tawi la Kabalo lilifika Kalemie. Mawe yaliyo chini ya njia hizo yalivunjwa na kubebwa na mikono ya wafanyakazi Waafrika.

Mwaka 1955 upana wa reli ulibadilishwa kutoka mita moja hadi milimita 1,067, ili treni za Katanga ziweze kufika Kindu bila kupakua mizigo njiani. Tangu mwaka 1974 njia zote hizo ziko chini ya shirika la taifa, ambalo leo ni SNCC.

Kisha zikaja vita. Wakati wa vita vya 1996 na 1998 njia ilikatika na kufunguliwa mara nyingi. Reli isiyopitiwa na treni wala mafundi haibaki kama ilivyoachwa. Nyasi huota katikati ya mawe, mizizi hushika udongo, mifereji huziba, na balasti huzama polepole. Miaka 10 bila matengenezo katika nchi yenye mvua kama Maniema inatosha kugeuza njia ya mawe kuwa njia ya udongo.

Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa usafiri nchini Kongo, na sehemu yake ilikuwa kuiinua SNCC, pamoja na kununua injini. Injini mpya ni habari njema. Lakini injini yenye nguvu juu ya njia dhaifu hailipi. Dereva hawezi kutumia nguvu hiyo, kwa sababu mahali ambapo mawe yameisha ni lazima atembee taratibu.

Hesabu ni nyepesi. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kilomita 355 humalizika kwa saa tisa hivi. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, karibu mwendo wa baiskeli, zinachukua saa 24, bila kuhesabu kusimama. Injini hiyo hiyo, dereva huyo huyo, mafuta mengi zaidi, na safari chache zaidi kwa mwezi. Hapo ndipo nauli ya mzigo inapopanda.

Ajali zinazokumbukwa

Gharama nyingine ni maisha ya watu. Tarehe 22 Aprili 2014, treni ya mizigo iliyokuwa imebeba pia abiria wengi ilianguka Katongola, upande wa Kamina, na watu zaidi ya 50 walikufa. Tarehe 12 Novemba 2017 treni ya mizigo yenye matangi ya mafuta ilianguka Buyofwe, karibu na Lubudi, ikashika moto na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 12 Septemba 2019 ajali nyingine ilitokea Mayibaridi, katika jimbo la Tanganyika, kwenye tawi la Kalemie. Hesabu za vifo zilitofautiana sana kati ya viongozi. Mwezi Machi 2022 Buyofwe ilirudi kwenye habari kwa ajali iliyoua makumi ya watu.

Si haki kusema kwamba kila ajali inatokana na mawe. Breki, injini zilizochoka, mwendo, abiria wanaopanda juu ya mabehewa ya mizigo kwa sababu treni ya abiria haipo: yote haya yana sehemu yake. Lakini reli iliyokaa vizuri juu ya balasti humsamehe dereva kosa dogo, na iliyokaa kwenye udongo haimsamehi.

Mzigo wenyewe nao unahusika. Behewa la tani 40 lililojaa mihogo mikavu hufurika kabla halijafikia uzito wake. Behewa hilo hilo likipakiwa kasiteriti hufikia tani 40 likiwa na mita za ujazo 10 hivi tu. Kwa macho linaonekana halijajaa, na kishawishi cha kuongeza ni kikubwa. Anayepakia kwa macho badala ya mizani anaivunja reli bila kujua.

Farumi: somo lile lile majini

Kabla ya kuitwa jina la mawe ya reli, balasti ilikuwa jina la uzito unaowekwa chini ya meli. Wazungu wa mabaharia walilitumia neno hilo kwa mchanga na mawe ya ndani ya jahazi. Waswahili wa pwani wana neno lao la kale, farumi. Jahazi likirudi bila mzigo, nahodha hulitia farumi chini ili upepo usilipindue.

Kwa watu wa Maniema, somo hili si la bahari ya mbali. Kati ya Kindu na Ubundu safari ni ya mto Lualaba, na bidhaa nyingi zinazofika Kalemie zimevuka Ziwa Tanganyika kwanza. Mashua za mbao zinazobeba watu na mizigo pamoja hupinduka kwa sababu moja ambayo hurudi mara kwa mara: uzito uko juu kuliko unavyopaswa kuwa.

Sheria ya maji haina huruma. Mifuko ya kasiteriti ikilazwa chini kabisa katikati ya mashua huishikilia isiyumbe, kama farumi. Mifuko hiyo hiyo ikiwekwa juu ya paa, au watu 50 wakipanda juu ya shehena ya mihogo, wimbi dogo linatosha. Na hata uzito uliokaa vizuri chini una mpaka wake, kwa sababu kila kilo inashusha ukingo wa mashua karibu na maji.

Tarehe 11 Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika ikiwa imetoka Kalemie, na watu zaidi ya 100 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti la Merdi, lililotoka Minova, lilipinduka mbele ya macho ya watu karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, likaua makumi ya abiria. Upande wa Tanzania, meli ya MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia. Baada ya kila msiba, serikali hutangaza masharti ya kuvaa jaketi za kuogelea. Kuhusu namna mzigo unavyopangwa, husikika machache.

Tani ngapi zinahitajika?

Wanaodai kutengenezwa kwa reli ya Kindu–Kongolo wana haki ya kujua ukubwa wa kazi. Tuchukue makadirio ya kawaida: kila mita ya njia yenye upana huu inahitaji kiasi cha mita moja na robo ya ujazo ya mawe. Mawe yaliyovunjwa yakirundikwa huacha nafasi wazi ya zaidi ya asilimia 40, kwa hiyo mita moja ya ujazo haina uzito wa tani 2.65 kama jiwe zima, bali tani moja na nusu hivi.

Kwa kilomita moja hiyo ni mita za ujazo 1,250, karibu tani 1,900. Kwa kilomita zote 355 ni tani zaidi ya 660,000. Treni ya mabehewa 15, kila moja tani 40, hubeba tani 600. Zinahitajika safari zaidi ya 1,100. Kama SNCC ingepeleka treni moja ya mawe kila wiki, kazi ingechukua miaka 21.

Si lazima kuweka mawe yote upya. Mahali pengi mawe ya zamani yapo, yamezama na kuchafuka tu; yanaweza kuchimbuliwa, kuchekechwa na kurudishwa, na mapya kuongezwa juu. Ikiwa inatakiwa kuongeza sehemu moja ya tano tu, treni moja kwa wiki ingemaliza kazi kwa miaka minne na miezi michache. Tofauti kati ya miaka minne na miaka 21 ndiyo tofauti kati ya matengenezo ya mapema na kungoja hadi njia ife kabisa.

Mawe yenyewe hayakosekani. Milima ya kusini mwa Maniema ina kwarziti na graniti, mwamba ule ule uliozaa bati na kasiteriti ambayo wilaya imeichimba tangu ukoloni. Kinachokosekana ni mashine za kuvunjia, mazuti, mabehewa ya kumwagia mawe, na bajeti inayofika kila mwaka.

Hapa kuna swali la kazi pia. Katika miji ya Kindu na Bukavu, wanawake hukaa kando ya barabara wakivunja mawe kwa nyundo na kuyauza kwa ndoo kwa wajenzi. Tuseme mtu mmoja anavunja robo mita ya ujazo kwa siku: kilomita moja ya reli ni siku 5,000 za kazi. Kwa vijana wa Kasongo na Kabambare ambao leo huchagua kati ya shimo la madini na bunduki, hiyo si hesabu ndogo. Lakini kazi hiyo ina masharti: miwani ya kukinga macho, malipo kwa kipimo kinachojulikana, na watoto kubaki shuleni. Bila hayo, reli itajengwa tena kama ilivyojengwa mara ya kwanza.

Jiwe la barabara si jiwe la reli

Wakaaji wa Kabambare watauliza, na kwa haki: kwa nini mawe yote yaende kwenye reli iliyo mbali, na barabara yao ya kwenda Kasongo ibaki na mashimo?

Jibu ni kwamba jiwe moja la mlimani linaweza kuhudumia zote mbili. Likivunjwa, vipande vya ukubwa wa yai huchekechwa kwa ajili ya reli. Vinavyobaki, vidogo na vumbi lake, ni taka kwa reli lakini ni mali kwa barabara. Reli inataka mawe ya ukubwa mmoja yenye nafasi za kupitisha maji. Barabara inataka mchanganyiko wa makubwa, madogo na vumbi, vishindiliwe hadi nafasi zote zizibe na maji yateleze juu kwenda pembeni.

Kwa hiyo machimbo yakifunguliwa kwa ajili ya reli bila mpango wa barabara, nusu ya kazi inatupwa. Mkataba unaofaa ni ule unaosema tangu mwanzo mabaki ya ungo yatapelekwa kwenye barabara gani, na nani atayashindilia.

Ndoto ya reli mpya

Wakati haya yakisubiri, kuna mazungumzo ya reli nyingine. Tanzania ilizindua rasmi treni yake ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024. Pamoja na Burundi na Kongo, ina mpango wa kuendeleza njia hiyo kutoka Uvinza hadi Burundi, kisha Uvira, na mwishowe Kindu. Magharibi, njia ya Lobito nchini Angola inavutia fedha za Marekani na Ulaya kwa ajili ya shaba na kobalti za Katanga.

Kwa Maniema, treni kutoka Bahari ya Hindi hadi Kindu ingebadilisha mengi. Lakini njia hiyo mpya ina upana wa milimita 1,435, na ya SNCC 1,067. Behewa la moja halipiti kwenye nyingine. Kindu ingekuwa mahali pa kupakua na kupakia tena, na mzigo wa Kasongo na Kabambare bado ungeteremka kwa njia ya zamani. Kama njia ya zamani imekufa, bidhaa zitafika Kindu haraka na kukwama hapo.

Reli mpya pia inakula mawe mengi zaidi kwa kila kilomita, kwa sababu ni pana na inabeba mzigo mzito zaidi. Nchi isiyoweza kuvunja mawe ya kutosha kwa njia ndogo iliyonayo itayanunua wapi ya njia kubwa inayoitamani?

Ya kuangalia

Kwa wanaofuatilia ahadi za viongozi, yapo maswali ya kuuliza kila mara mradi wa reli unapotangazwa. Mawe yatatoka mlima gani, na yamepimwa? Ni tani ngapi kwa kilomita? Nani atasafisha mifereji baada ya sherehe? Fedha za matengenezo ya mwaka wa pili na wa tatu ziko kwenye bajeti ipi? Mabaki ya machimbo yatatengeneza barabara gani?

Injini zikifika, zitapigwa picha. Mawe hayapigwi picha. Lakini msimu wa mvua ukirudi, bei ya chumvi Kabambare ndiyo itakayoonyesha kama yaliwekwa.